Mkono wa Grenda na Mkono wa Umbea

Mimi ni fundi seremala, na si kwa kujisifu, vitanda vyangu vinajulikana. Vingine bado vinalaliwa. Lakini mtaani hakuna anayeniita Fundi. Naitwa Redio, kwa sababu, wanasema, nilizaliwa bila kitufe cha kuzima.

Sibishi. Napenda watu, na napenda habari za watu kuliko ninavyopenda chakula. Karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama yangu, na siku nilipohamia, kitu cha kwanza kutengeneza hakikuwa meza ya kazi. Yalikuwa mabenchi mawili ya wageni. Meza ya kazi ilikuja wiki ya tatu, tena kwa sababu mteja aliuliza, "Hivi hapa mnauza nini?"

Mama alinipa chumba hicho kwa sharti moja. Yeye alifanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye kiwanda cha nguo, na sasa anashona nyumbani, kwenye kona ya chumba hichohicho, karibu na dirisha, na cherehani yake ya umeme. Alilitoa sharti huku akitunga uzi kwenye sindano, bila kuniangalia.

"Vumbi sina neno nalo. Makelele nimeyazoea. Ila siku kitu kitakapomwaga damu ya mtu kwenye sakafu yangu, kitu hicho kinatoka, na hakirudi. Umenisikia, baba?"

"Nimekusikia, Mama."

Nilijua anazisema mashine zangu: drili, randa ya umeme na grenda. Mashine zikitoka, na mimi natoka. Ningehamia kwenye mabanda ya mafundi kule ng'ambo ya pili ya reli, ambako kila mtu anafanya kazi akiwa amempa mwenzake mgongo, na mgeni pekee anayeingia ni anayetafuta choo. Mtu mwingine angepaita mahali tulivu pa kufanyia kazi. Kwangu mimi ni kifungo cha maisha.

Basi nilikuwa mwangalifu. Mwezi wa kwanza.

Wageni wangu wa kudumu walikuwa wawili. Kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na mlango wetu, alikuwa anakaa kwangu jicho moja likiwa kwake. Akiona kichwa chenye nywele ndefu anakimbia, akimaliza anarudi. Wa pili ni shemeji yangu, dada wa mke wangu, muuza maziwa. Huyo anaingia nyumba arobaini kila asubuhi, mlango wa mbele na wa nyuma, na akishatua debe lake kwangu saa nne, hakuna gazeti litakalokuambia zaidi.

Tatizo lilikuwa grenda. Mimi naitumia kusugulia mbao, nimeifunga sahani ya msasa, na ikianza kuunguruma hata mawazo yako mwenyewe huyasikii. Shemeji akifika pale patamu, nami nina mlango wa kabati wa kumaliza, habari inamezwa nzima. Nikizima nisikilize, kazi hailali tu, inakoroma.

Tukabuni ishara. Ukosi wa shati ukivutwa, anayesemwa ni mwalimu mkuu, maana hajawahi kuonekana na kifungo cha juu kimefunguliwa. Vidole viwili vikitembea juu ya mkono, mtu kaondoka nyumbani. Kiganja kikigeuzwa, wamegombana. Ukishika sindano ya hewani, ni mama yangu. Vidole vikifumba na kufumbuka kama mdomo wa bata, ni mimi. Sikuifurahia hiyo ya bata, lakini ilipigiwa kura.

Ndani ya miezi miwili tulikuwa tunaweza kuvunja ndoa ya mtu kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kutoa sauti. Mama alikuwa palepale konani, anashona, hainui kichwa. Nilimhurumia. Nilisema moyoni, maskini, mambo yote yanampita.

Ila kulikuwa na tatizo la pili, nalo ni la maumbile: grenda inataka mikono miwili. Mmoja unabana swichi nyuma, mwingine unashika mpini wa pembeni. Nikijibu kwa mkono mmoja, swichi inaachia. Mashine hii ilikuja na kitufe cha kushikilia swichi, lakini kilikufa zamani, na kukibadilisha kungetaka nifungue skrubu, niende duka la vipuri, nipange foleni na watu nisiowajua. Ingawa kusema kweli foleni isingenishinda. Ningerudi na marafiki.

Nikapata dawa. Kipande cha tyubu ya baiskeli. Nilikizungusha juu ya swichi mara tatu, nikakaza, swichi ikabanwa moja kwa moja. Mpini wa pembeni nikaufungua, maana sasa haukuwa na mkono wa kuushika. Kinga ya chuma nayo nikaing'oa, ilikuwa inaniziba nisimwone Shemeji. Miwani ya kukinga macho nikaipandisha kwenye paji la uso. Ilikuwa na mikwaruzo, ishara ndogondogo zilikuwa zinanipita. Sasa nilikuwa na mkono wa grenda na mkono wa umbea, na nilijiona mtu aliyepiga hatua. Niliwashauri mafundi wengine watatu wafanye hivyohivyo. Wawili walinitazama vibaya. Wa tatu aliomba kipande cha tyubu.

Grenda yenyewe ilikuwa inajaribu kuzungumza nami. Ilikuwa inatema cheche za buluu kupitia matundu ya pembeni na kunuka kama nywele zilizoungua. Nilijua ni kaboni zimekwisha, vile vijiwe viwili vinavyopeleka umeme kwenye mota. Kaboni mpya nilikuwa nazo, ndani ya pakiti yake, kwenye droo, chini ya karata. Zilikuwa na miezi minne humo. Karata zilikuwa zinatoka kila siku.

Siku moja Mama aliiona tyubu.

"Hiyo kamba ya nini?"

"Inaisaidia swichi kupumzika, Mama."

Akarudi kwenye pindo lake.

Siku ya tukio ilikuwa Jumanne. Kabati la mwalimu mkuu lilikuwa limesimama ukutani, mwili wote umekwisha, bado milango. Milango yenyewe ilikuwa juu ya meza, mmoja nimeusugua, wa pili nusu. Bawaba nilikuwa nimeshazifunga kwenye kabati, na skrubu moja ya bawaba ya chini niliiacha imechomoza kidogo, kwa kuwa Shemeji alikuwa ameingia.

Alitua debe, akavua shali, akaketi. Kinyozi akavua kandambili zake, akakunja miguu juu ya benchi. Shemeji akavuta ukosi.

Mwalimu mkuu. Mwenye kabati. Nilikaribia kuiangusha grenda.

Akageuza kiganja. Wamegombana. Nikauliza kwa mkono wangu ulio huru: na nani? Akanionyesha pete. Na mkewe. Kisha vidole viwili vikatembea taratibu juu ya mkono wake, vikapita kiwiko, vikapanda mpaka begani. Kaondoka, na kaenda mbali. Nikatikisa kiganja kuuliza: wapi? Shemeji akainua mkono kunionyesha wapi.

Umeme ukakatika.

Kimya kikatanda kama zawadi. Niliilaza grenda juu ya meza, vivyo hivyo kama mtu anavyoweka kikombe, plagi yake ikiwa ukutani na tyubu yake ikiwa kwenye swichi, nikaenda kujibana kwenye benchi kati ya Shemeji na Kinyozi.

Kule konani Mama alitoa mguu kwenye pedali, akazima cherehani, akainuka, akachomoa plagi.

"Mama, umeme umekatika," nikamwambia, nikiwakonyeza wenzangu. "Unachomoa nini tena?"

"Nachomoa kwa ajili ya utakaporudi."

Tukacheka, kicheko cha adabu. Akaketi, akachukua sindano ya mkono.

"Haya, shem," nikasema. "Tuanze upya. Kwa sauti."

Shemeji si mtu wa kukimbiza habari. Alianza na maziwa: kwamba nyumba ya mwalimu mkuu huchukua lita mbili, na wiki hii inachukua moja. Kinyozi akaongeza kwamba mwalimu mwenyewe hajaja kunyoa siku kumi na moja, anahesabu. Mimi nikasema kabati hili aliliagiza la mlango mmoja, kisha akabadilisha likawa la milango miwili, na mtu habadilishi kabati bure. Tulikuwa kama wapelelezi. Dakika kumi zikapita, labda kumi na tano.

"Sasa," Shemeji akasema, akasogea mbele. "Jana nimepita kwa mlango wa nyuma, nikamkuta..."

Umeme ukarudi.

Kwanza tulifurahi. Kinyozi alisema "aah", maana mashine zake za kunyolea zinahitaji chaji. Hiyo "aah" haikuisha. Nyuma yangu grenda ilipiga ukelele, ikaruka juu ya mlango wa mwalimu mkuu, ikaandika nusu mwezi pale nilipokuwa nimepasugua vizuri, ikaanguka kutoka mezani hadi sakafuni.

Chini haikutulia. Bila mtu wa kuishika ilijizungusha kwa nguvu zake yenyewe, ikagonga mguu wa meza, ikageuka, ikaja upande wetu ikiburuta waya. Ilikamata kandambili ya Kinyozi na kuitema vipandevipande. Ikaligonga debe la maziwa, debe likalia kama kengele ya shule.

Hapa ndipo ningependa kuwaambia nilichofanya mimi, mwenye mashine, fundi mwenye uzoefu wa miaka kumi na tatu. Kinyozi na Shemeji walipanda juu ya benchi, jambo la busara. Mimi niliingia kabatini. Nilichuchumaa juu ya rafu ya chini, magoti yakiwa masikioni, nikakumbatia rafu ya kati, na wazo moja tu lililokuwa kichwani mwangu ni majuto kwamba sijaweka milango.

Mama aliinuka. Alikunja gauni lake kwa mkono mmoja, akapita kando ya ukuta, hatua nne, si za haraka, akachomoa plagi.

Sahani iliendelea kuzunguka.

"Mtu asishuke," Mama akasema. "Bado haijasimama."

Tukangoja. Sauti ikawa ya nyuki, ikawa ya mbu, ikaisha. Mama aliiangalia sahani mpaka alipoweza kuuona mkwaruzo mmoja wa msasa umetulia mahali pamoja. Ndipo akaigusa grenda kwa ncha ya kiatu.

"Kuna mtu ameumia?"

"Hapana, Mama," akasema Kinyozi.

"Hapana, Mama," akasema Shemeji.

"Hapana," nikasema mimi, nikatoka kabatini kwa heshima kiasi nilichoweza. Na hapo nikasikia joto ndani ya soksi ya kushoto.

Ilikuwa ile skrubu ya bawaba. Nilipojitupa kabatini ilinichana muundi kutoka chini ya goti mpaka katikati. Halikuwa jeraha la kuitia watu, lakini ni jeraha lenye juhudi. Nilipopiga hatua ya pili, tone moja likaangukia sakafuni. Jekundu, duara, katikati kabisa ya chumba.

Mama alikuwa analiangalia.

"Na hili?"

"Vanishi, Mama."

Akainama kuokota uzi wake ulioanguka. Nilipata nafasi ya pumzi tatu. Nikawageukia wenzangu na kufanya kile mikono yangu ilichokuwa imezoea. Nilishika sindano ya hewani: Mama. Nikajifunika macho: asione. Nikaonyesha soksi, nikaonyesha mashine, nikatembeza vidole viwili juu ya mkono mpaka begani: akijua, mashine zinaondoka, na mimi naondoka nazo. Kinyozi akanijibu kwa kuvuta sikio, yaani amesikia. Shemeji alikuwa haniangalii mimi. Alikuwa anaangalia nyuma yangu.

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama wima, mikono yake iko juu.

"Sindano haishikwi hivyo," akasema. "Hivyo unavyoshika wewe ni mtu anachota chumvi. Sindano ni hivi." Akanionyesha. Ilikuwa sindano kweli, ungeweza kuona tundu. "Na mtu akiondoka nyumbani, vidole haviendi mpaka begani. Begani ni mtu amekufa. Mwezi wa pili mlimuua bure yule mpiga picha aliyehama tu, nikawa nangoja nisikie kilio."

Kinyozi akaficha mikono yake nyuma ya mgongo.

"Kiwandani tulikuwa mashine mia mbili kwenye ukumbi mmoja," Mama akaendelea. "Ulidhani miaka ishirini na miwili tulikuwa kimya? Tulichumbiana na kuachana kwa mikono. Nusu ya ishara zenu tulizitumia kabla hujazaliwa. Lakini sisi, baba, tulikuwa tunatoa mguu kwenye pedali kwanza." Akavuta kiti, akaketi. "Vua kiatu."

Nikavua. Soksi ilikuwa imejisema yenyewe.

"Nini kimekuchana?"

"Bawaba."

"Bawaba ilikufuata?"

"Hapana. Nilikuwa nakimbilia kabatini."

"Ukikimbia nini?"

"Grenda."

"Nani aliiwasha?"

"Umeme ulirudi tu, Mama."

"Umeme ulirudi na kwa cherehani yangu. Mbona haikukukimbiza?"

Kinyozi alianza kutafuta vipande vya kandambili yake kwa bidii kubwa.

"Swichi nilikuwa nimeifunga," nikasema.

"Kwa nini?"

"Ili mkono mmoja ubaki."

"Ubaki wa kufanya nini?"

Mimi, Redio, sikutumia mdomo. Nikainua mkono wa kulia, nikafumba na kufumbua vidole kama mdomo wa bata. Ni jibu fupi kuliko yote niliyowahi kutoa maishani mwangu.

Mama akatikisa kichwa. Mimi nilikuwa tayari nayaona yale mabanda ya ng'ambo ya reli, na migongo.

"Nilisema kitu kitakachomwaga damu kinatoka," akasema. "Sijawahi kurudi nyuma kwenye neno langu, na leo sitaanza. Lakini mashine haina kosa. Mashine ililazwa ikiwa imekabwa koo. Kilichomwaga damu humu ndani ni maneno. Kinyozi, mwanangu, shika upande huo wa benchi."

"Mama, tafadhali."

"Yote mawili. Yanakwenda barazani. Na hayarudi."

Nitasema ukweli: nilifungua mdomo kumwomba heri atoe mashine abakize mabenchi. Nilifungua kabisa. Shemeji ndiye aliyenikanyaga kidole cha mguu mzima.

Alasiri ile nilifanya kazi ya miezi minne. Plagi ikiwa nje, tena Mama akiwa ameiweka mapajani mwake kama kitoto cha paka, nilifungua grenda. Vumbi la mbao lilimwagika kama unga. Kaboni za zamani zilikuwa zimebaki unene wa ukucha, nikatia mpya. Kinga nikairudisha, na mpini wa pembeni. Kesho yake nilikwenda kwenye foleni ya vipuri kununua swichi, nikarudi na swichi na, kama nilivyohofia, habari za watu saba nisiowajua. Tyubu ilichukuliwa na Mama, akaikata kwa mkasi wake wa kitambaa vipande vidogovidogo, na mkasi ule haruhusu mtu hata aukatie karatasi. Kwa yule fundi wa tatu nilikwenda mwenyewe kumwambia aifungue yake. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama ni kweli nililala kabatini. Habari ilikuwa imenitangulia.

Mwalimu mkuu alipata mlango mpya. Alikuja kulichukua kabati mwenyewe, kifungo cha juu kimefungwa. Nilitamani kumuuliza mambo mengi. Nikamwambia tu bawaba zote zimekazwa.

Sasa nafanya kazi humu ndani peke yangu. Miwani nimenunua mpya, isiyo na mikwaruzo, na kwa kupitia hiyo naona vizuri sana dirishani: baraza, mabenchi yangu mawili, Kinyozi na kandambili mpya, Shemeji na debe lake lenye bonde. Na kiti cha Mama. Ndiyo, Mama naye huhamia nje saa nne kila siku, anasema humu kuna vumbi, ambalo siku zote hakuwa na neno nalo.

Juzi nilikuwa nasugua mguu wa meza, mikono yote miwili imeshika kama inavyotakiwa, nikainua macho. Mama alikuwa ametua kitambaa, anasimulia kwa mikono. Shemeji alikuwa anafuta machozi kwa shali. Nikaona mdomo wa bata. Nikaona vidole vinakimbia, si vinatembea, vinakimbia, vinaingia ndani ya kiganja kingine kilichokunjwa kama sanduku. Kisha Mama akachungulia juu ya kile kiganja kwa macho makubwa, na Kinyozi akalala kabisa juu ya benchi.

Hadithi ile naijua. Ni yangu. Lakini sijawahi kuisikia ikisimuliwa vizuri namna ile, na nilikuwa na swali, na marekebisho mawili, na sina mkono.

Nikaachia swichi. Nikangoja sahani isimame, mpaka nikauona mkwaruzo mmoja wa msasa umetulia. Nikaenda ukutani, nikachomoa plagi. Nikailaza grenda, nikakunja waya, nikavua miwani, nikaiweka ndani ya sanduku lake, nikatoka nje mbio.

"Imekwisha," akasema Mama, akachukua kitambaa chake.

"Na ya mwalimu mkuu?" nikamuuliza Shemeji. "Alikuwa wapi? Ulimkuta wapi?"

"Hiyo nilikumalizia wiki iliyopita, shem," akasema. "Kwa ishara. Ulikuwa unafanya kazi."